Hina ya Hanan

Kwa miaka kumi na zaidi, bibi harusi wa Kibajuni aliyeolewa Kismayu bila kupakwa hina na Safiyya binti Shee alionekana kama ameolewa kwa haraka. Wapakaji wengine walikuwepo, tena vijana, waliotoa michoro kwenye simu. Safiyya alichora bila kutazama popote. Alimshika mwari mkono, akaugeuza mara mbili tatu kwenye mwanga, kisha akaanza kwenye kifundo akashuka vidoleni, na maua yakawa yanatoka moja baada ya jingine kama yalikuwa yamelala chini ya ngozi. Wakati huo wote hasemi. Akina mama walimzoea hivyo, wakamwachia kona yake na mto wake.

Alizaliwa kisiwa cha Chula, na mamake ndiye aliyemfundisha kutwanga majani ya hina na kuyachekecha kwa kitambaa chepesi. Vita vilipokuja alikuwa na miaka kumi na mitano. Walikimbilia Lamu, kisha wakakaa miaka katika kambi ya wakimbizi Mombasa, na huko kambini ndiko alikoolewa na Fuadi, kijana wa Kismayu aliyekuwa akitengeneza redio za watu juu ya gunia lililotandikwa chini. Fuadi alikuwa mchu wa kucheka, yaani mtu wa mzaha. Waliporudi Kismayu alifungua chumba cha video chenye mabenchi sita, televisheni moja na jenereta iliyokohoa kuliko kunguruma. Mabaharia na wavuvi walijaa humo kila alasiri, na mlangoni alisimama rafiki yake Gharibu, baharia wa kisiwa cha Fuma, akiwatania walioingia na waliotoka.

Kisha mji ukashikwa na watu wenye silaha waliopiga marufuku filamu, muziki, hata mpira wa kwenye televisheni. Fuadi alifunga chumba, akauza mabenchi, akarudi kutengeneza mashine za boti. Lakini televisheni aliificha chini ya magunia, na rafiki akija kwa siri alimtilia filamu moja mbili kwenye kadi ya simu.

Siku moja, mwaka wa elfu mbili na kumi, walimjia nyumbani baada ya sala ya alasiri. Alikuwa ameketi mkekani, binti yao Mulki mapajani mwake, mtoto ana homa. Walimchukua na televisheni yake. Siku ya kumi na moja alirudishwa juu ya gari la punda. Hakusimama tena sawasawa, na alikuwa akikojoa damu. Aliishi siku thelathini na nne. Katika siku hizo zote aliligusa jambo lile mara moja tu, akiwa ameelekea ukutani.

"Waliniambia usoni," alisema. "Ni Gharibu aliyenitaja."

Safiyya akamfunika shuka.

Gharibu alikuwa ameshaondoka mjini na mkewe Mwanatumu na binti yao Hanan, aliyekuwa mdogo kwa Mulki kwa mwaka mmoja. Watu walisema wako Mombasa. Safiyya akakaa eda, akaimaliza, akashika kazi ya hina kwa nguvu zake zote kwa kuwa ndiyo pekee aliyoijua. Alimlea Mulki, akamsomesha, akamwoza. Wale watawala wakaondoka, wakaja wengine, filamu zikarudi madukani. Na hakuna siku iliyopita bila Safiyya kulitaja jina la Gharibu moyoni mwake.

Miaka kumi na miwili baada ya msiba, Gharibu akarudi. Safiyya alimwona sokoni akichagua ndimu, mvi kichwani, bega moja limeshuka. Gharibu naye alimwona. Aliziweka ndimu chini, akavuka njia, akaenda zake. Alifungua duka dogo la nyavu na kamba karibu na bandari, na tangu siku hiyo Safiyya akawa anazunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya duka hilo.

Basi wakakaa hivyo, mji mmoja, karibu miaka miwili.

Alasiri moja ya mwezi wa Rajabu, dada yake Rukia alimwita kuja kutazama filamu ya Kikorea iliyotiwa sauti za Kisomali. Majirani watatu walikuwa wameshakaa. Filamu ilikuwa ya mwanamke aliyefanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli. Tajiri mmoja alikuwa amemuua mumewe, na sheria ikamwacha huru. Mwanamke akangoja miaka minane. Alijifunza njia zote za yule tajiri, alilala wapi, alikula nini, aliogopa nini. Mwisho akampata, akamfunga kwenye kiti katika chumba cha kufulia, akamsomea makosa yake moja moja huku mvuke umewazunguka. Filamu ilipokwisha alikuwa ameketi peke yake kwenye kituo cha basi, mvua inanyesha, mtazamaji hajui anakwenda wapi.

"Sasa kapata nini?" Rukia akasema. "Mume ndiyo hivyo, harudi."

"Kapata usingizi," Safiyya akajibu.

Wanawake wakacheka wakidhani ni mzaha. Safiyya akaomba maji, akayanywa.

Hazikupita wiki mbili, Mwanatumu mkewe Gharibu akabisha mlangoni kwake. Alikuja na sahani ya halua iliyofunikwa kwa kitambaa cha kushonwa. Aliketi karibu, goti kwa goti, akamwita nduyangu, kama ndugu wa damu, na hapo hapo Safiyya akatambua kwamba mwanamke huyu hajui lolote. Mumewe hakupata kumwambia kwa nini waliukimbia mji.

"Hanan anaolewa," Mwanatumu alisema. "Mume ni Tariq, kijana wa kisiwa cha Kudha. Nataka mkono wako, nduyangu. Hanan ni mwanao pia, alicheza na Mulki hapa hapa uani."

"Nitakuja," Safiyya akasema.

Hina nyekundu aliitengeneza mwenyewe kama siku zote. Piko, ile nyeusi ya kuzungushia maua, ilikuwa ya unga wa dukani, na kila mpakaji anajua kwamba ikizidi inaunguza. Safiyya alijua kipimo chake kama alivyojua rakaa za sala. Siku hiyo alifunga mlango wa jikoni, akatia kipimo, akazidisha. Akasimama kidogo. Akazidisha tena. Hakuwa amepandwa na hasira. Baadaye alipojaribu kukumbuka, alikumbuka utulivu mkubwa, kama wa mchu aliyemaliza kufagia. Alitaka kitu kimoja: Gharibu aketi nje ya chumba asikie mtoto wake analia, na asiweze kumsaidia, kama yeye Safiyya alivyokaa na Fuadi siku thelathini na nne.

Hanan alikuwa na miaka kumi na tisa, msemaji, mwenye meno yaliyoachana mbele. Aliinyoosha mikono juu ya mto akaanza kusimulia habari za Mombasa, za Tariq, za jinsi alivyoogopa kukaa kisiwani.

"Shangazi, baba alifurahi kusikia kuwa ni wewe," alisema. "Nilipomwambia alinyamaza, kisha akatoka nje. Nadhani alikuwa akilia."

Alie, Safiyya akasema moyoni, na akaanza kuchora.

Alichora vizuri kuliko siku zote. Wanawake waliokuwa chumbani waliacha maneno yao wakasogea kutazama. Alipofika kwenye vidole, Hanan akavuta pumzi.

"Shangazi, inawasha."

"Ndivyo inavyoshika."

"Inawasha sana huku katikati ya vidole."

"Vumilia kidogo, mwanangu. Ikikauka itatulia."

Alimwita mwanangu. Katika yote aliyoyafanya siku ile, neno hilo ndilo lililomrudia zaidi.

Asubuhi yake alipokea ujumbe wa sauti wa Mwanatumu: njoo, nduyangu, njoo utazame mikono ya mwanao. Alikwenda. Alikuwa amejitayarisha kuona uvimbe na kusikia lawama, kisha arudi nyumbani kwake alale. Alichokiona hakukitarajia. Mikono ya Hanan ilikuwa imefura hadi vidole havikutani, na malengelenge yalikuwa yameufuata mchoro. Kila ua lilikuwa lengelenge, kila jani lengelenge, na ungeweza kuisoma hina nzima katika ngozi iliyoinuka. Msichana alikuwa hajalala. Alipomwona Safiyya akajaribu kutabasamu.

"Si wewe, shangazi," alisema. "Ngozi yangu ndiyo mbaya. Usijilaumu."

Safiyya hakuingia zaidi ya hapo. Alishika mwimo wa mlango.

Kabla ya adhuhuri wanawake wa upande wa bwana harusi walifika kutoka Kudha, wakiongozwa na Bi Sabah, shangazi yake Tariq, mwanamke mrefu aliyezoea kusikilizwa. Alitaka kumwona mwari. Mikono ikafunuliwa. Bi Sabah aliitazama muda mrefu, kisha akawatazama wenzake.

"Haya ni maradhi ya damu," alisema. "Hina ni hina, kila mchu anapakwa. Mchu mzima hapatwi na haya. Kwa nini hatukuambiwa?"

Mwanatumu aliapa. Hanan aliapa. Hakuna aliyewasikiliza. Neno likatoka chumbani likafika barazani, na kutoka barazani likafika njiani, na kila lilipopita likaongezwa. Ilisemekana ndoa ingesimamishwa mpaka msichana apimwe, na wote walijua ndoa iliyosimamishwa hivyo huwa inakwenda wapi.

Safiyya akatoka uani. Gharibu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Hakunyanyuka.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Kwa ajili ya Fuadi."

"Kwa ajili ya Fuadi."

Gharibu alitikisa kichwa taratibu kama mchu aliyesomewa barua ambayo anaijua. Kisha akasema, bila kumtazama, maneno ambayo alionekana kuyapanga kwa miaka mingi. Wale wenye silaha walimsimamisha njiani, wakapekua simu yake, wakakuta filamu. Walimning'iniza kwa mikono. Ndiyo maana bega hili halipandi tena. Walitaka jina la aliyempa. Siku ya kwanza hakusema. Siku ya pili hakusema. "Siku ya tatu nikasema Fuadi. Nilisema kwa kuwa Fuadi alikuwa Chula akitengeneza mashine za watu. Alikuwa amekwenda kwa wiki mbili. Nikajiambia, watamkosa, na wakiniacha nitampelekea habari avuke mpaka. Wallahi, binti Shee, nilijua hayupo mjini. Sijui mpaka leo kwa nini alirudi."

Safiyya alijua kwa nini.

Hakupata kumwambia mchu yeyote, si Rukia, si Mulki. Mulki alishikwa na homa, naye akaogopa, akatuma salamu Chula kwa boti ya asubuhi: rudi, mtoto anaungua, siwezi peke yangu. Fuadi akaacha mashine zimefunguliwa, akarudi siku ile ile. Homa yenyewe ilikwisha kesho yake.

"Nilimwita mimi," alisema.

Gharibu akainua macho. Walitazamana machoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Bi Sabah ikiuliza viatu vyake.

"Nakwenda kuwaambia," Safiyya akasema. "Nisipowaambia watamwacha mtoto wako na jina hilo la maradhi."

"Watauliza kwa nini ulifanya."

"Wataniuliza."

"Na Hanan atajua."

Safiyya alikuwa ameshageukia mlango. Hilo lilikuwa la Gharibu mwenyewe kuamua. Gharibu akajiinua kwa bega lake zima.

"Sema," alisema. "Sema yote. Nitasimama mlangoni."

Safiyya aliingia akasimama katikati ya chumba, mwanamke ambaye kwa miaka yote alikaa kona bila kusema. Aliwaambia kwamba msichana ni mzima. Aliwaambia kwamba aliizidisha piko kwa makusudi, akijua itaunguza, na msichana alipolalamika alimdanganya. Aliwaambia ni kwa ajili ya mumewe na ni nani aliyemtaja. Mwisho akawaambia na lile la salamu za Chula, ingawa hakuna aliyemuuliza, kwa sababu alipokwisha kufungua mdomo hakuona njia ya kuliacha nyuma.

Mwanatumu ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo.

"Nilikuletea halua," alisema.

Safiyya aliinamisha kichwa. Angependelea kofi.

Hanan hakumtazama yeye kabisa. Alikuwa anamtazama babake mlangoni.

"Ni kweli, baba?"

"Kweli, mwanangu."

Msichana akainuka, mikono yake ameiinua mbele kama mchu aliyebeba sinia, akaenda chumba cha ndani. Alipofika hakuweza kuufunga mlango. Mamake akamfuata akamfungia.

Bi Sabah alivaa viatu vyake. "Tumesikia," alisema. "Msichana hana maradhi, na nitalisema hilo kila nyumba ya Kudha. Harusi ipo, mikono ikipona. Lakini wewe, binti Shee, usiguse tena mkono wa mwari."

Na hakuugusa tena. Habari zilienea siku moja tu. Waliokuwa wameshamwita kwa harusi za Shaabani wakatuma kusema wamepata mwingine. Rukia alikuja nyumbani kwake akamfokea mpaka sauti ikakauka, kisha akalia, akasema, "Siku ile tulicheka, nami nilikuwa karibu yako. Kwa nini hukunishika mkono ukaniambia?"

Kila asubuhi alichemsha maji, akachukua vitambaa safi vilivyokaushwa juani, akaenda nyumbani kwa Gharibu. Siku tatu Mwanatumu alimfukuza kutoka mlangoni. Siku ya nne alimpokea, kwa kuwa kila alipofungua vitambaa vya mwanawe yeye mwenyewe alizimia roho, na muuguzi wa zahanati alisema vidonda visipobadilishwa kwa mkono mtulivu vitaoza. Mkono mtulivu zaidi mji ule ulikuwa unajulikana ni wa nani. Safiyya aliviosha vile vidonda kwa siku ishirini na mbili. Hanan aliinyoosha mikono, akageuza uso, na hakusema naye hata neno moja. Hakusema na babake pia. Gharibu alikula chakula chake dukani, miongoni mwa kamba.

Harusi ikafanyika bila hina. Hanan alivaa glavu nyeupe, akapanda boti kwenda Kudha. Alimbusu mamake. Kwa babake alinyoosha mkono tu, kama anavyopewa mgeni.

Siku chache kabla ya Idi, Gharibu alikuja kwa Safiyya. Alisimama nje ya kizingiti, kofia mkononi.

"Niwie radhi," alisema.

Safiyya alikuwa anashona kanzu ya mtoto. Siku hizi alishonea watu nguo ili aishi. Aliiweka sindano chini.

"Sehemu yangu nimekuwia radhi," alisema. "Ya Fuadi siwezi kuitoa mimi. Nami uniwie."

"Nimekuwia. Lakini ya Hanan kamwombe Hanan."

Safiyya alikaa na neno hilo miezi. Aliogopa kuliko alivyoogopa kusimama mbele ya Bi Sabah. Mwisho, msimu bahari ilipotulia, alipanda boti ya mashine pamoja na magunia ya unga na wanawake wawili waliomjua wakampa kisogo njia nzima. Kudha walimwonyesha nyumba bila kumkaribisha. Hanan alikuwa uani akianika samaki, tumbo limetokeza. Alipomwona aliacha kazi. Akaleta maji kikombeni, akampa, akasimama.

Katikati ya vidole vyake ngozi ilikuwa imepoteza rangi. Safiyya aliiona alipopokea kikombe, na hakuyaondoa macho.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Sina la kujitetea."

Hanan alimfukuza kuku aliyekuwa akiwasogelea samaki.

"Sijakusamehe, shangazi," alisema. "Lakini nimeacha kukuapiza. Nilikuwa nikikuapiza kila baada ya sala, wewe na baba. Siku moja nikasahau, na kesho yake nikasahau tena."

"Hilo linanitosha."

"Mimi halijanitosha," Hanan akasema. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mchu anayeeleza kazi iliyobaki.

Safiyya alirudisha kikombe. Boti ilikuwa inarudi kabla ya maji kupwa, kwa hiyo hakuwa na muda wa kukaa, wala hakuombwa akae. Alikuwa ameshafika kwenye ua wa makuti Hanan alipomwita.

"Baba hajambo?"

"Hajambo. Anakohoa kidogo, tangu kipupwe."

Hanan akachukua samaki mmoja, akamgeuza, akamrudisha pale pale alipokuwa.

"Mwambie anywe tangawizi," alisema. "Ya moto, si ile ya kuacha ipoe. Yeye huwa anaacha ipoe."

Kismayu boti ilifika karibu na magharibi. Safiyya hakuzunguka mtaa. Alishika njia ya bandarini, akaingia katika duka la nyavu ambalo hakuwahi kuingia, na Gharibu akanyanyuka kutoka kwenye kiti chake kwa hofu. Akampa salamu zile za Hanan kama alivyopewa, tangawizi, na moto, na kutoacha ipoe.

Gharibu alishika ukingo wa meza. Akamwomba aseme tena.